Ile Video ya Kukanda Nimeifuta, na Hii Ndiyo Sababu

Wale mmekuwa hapa tangu siku za simu yangu ya kioo kilichopasuka mnaikumbuka ile video. Sekunde 41. Mimi, karai la maji moto, chupa ya mafuta, na mguu wa msee ambaye sikuonyesha uso wake. Nilisema hivi, na najinukuu mwenyewe: "Ukigongwa paja kwenye boli, usikae nayo. Kanda siku hiyo hiyo. Kanda na nguvu mpaka machozi yatoke. Ile damu imelala ndani ni sumu, isukume itoke."

Ilitazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kuweka hapa. Watu waliitumia makocha wao. Mtu mmoja akaniita daktari wa mtaa, na mimi kwa ujinga wangu nikalipenda hilo jina.

Juzi nimeifuta. Wengi mmeuliza kama kuna mtu amenitisha, ama ni kiki tu natafuta. Si kiki. Ule mguu kwenye video ni wa ndugu yangu mdogo. Leo sirekodi, naandika, ju hii stori haiwezi toshea kwa sekunde 41.

Nianze na Jumamosi yenyewe.

Brayo ana miaka 17, na ni winga wa kulia. Mimi sijui boli sana, lakini hata mimi naona venye akipata mpira pale kwa mstari watu wa pembeni husimama. Siku hiyo ilikuwa mechi ya mtaa tu, uwanja wa vumbi. Lakini wiki tano mbele yake kulikuwa na majaribio ya timu fulani ya vijana ambayo hulipia wachezaji wake karo. Kwa nyumba yetu neno karo si neno la kawaida. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili ju ya hilo neno. Mathe alikuwa ashaanza kuhesabu hiyo nafasi ya Brayo kama pesa iko njiani.

Kipindi cha pili, beki mmoja akaingia na goti likampata Brayo katikati ya paja, upande wa mbele. Hakuvunjika kitu. Alicheza dakika kumi zaidi, halafu mguu ukakataa kukunja. Akaletwa kejani na nduthi.

Nilikuwa na karai tayari. Na hii ndiyo sehemu inaniuma: nilikuwa pia na simu tayari, nimeiegemeza kwa kikombe. Nikamwambia, "Tulia, hii ni dakika tano imeisha." Nikamkanda na kitambaa cha maji moto, kisha mafuta. Kwanza kiganja, kisha vidole gumba, kisha kiwiko. Alilia. Brayo si mtu wa kulia. Nikamwambia avumilie, inatoka.

Hakuna kitu kilikuwa kinatoka. Jumapili asubuhi paja lilikuwa limefura hadi kaptura ikakataa kupanda. Nikakanda tena. Jumatatu, tena. Siku ya nne akakataa kuguswa, na mimi nikamwita mwoga.

Wiki ya tatu uvimbe ulishuka, lakini kuna kitu kilibaki. Ukibonyeza lile paja unasikia donge gumu, kama jiwe limeshonewa ndani ya nyama. Goti halikunji hata nusu. Mathe akakopa, tukaenda hospitali. Picha ya eksirei ikaonyesha wingu jeupe mahali ambapo palifaa kuwa na msuli peke yake. Msuli wa Brayo ulikuwa unatengeneza mfupa ndani yake. Ni kitu kinachojulikana, kinaweza kufuata pigo kali la msuli, hasa paja. Mimi ndio nilikuwa sijui.

Fizio, mama mmoja mpole, akamuuliza Brayo, "Siku ya kwanza nani alikukanda?"

Brayo aliniangalia. Kisha akamwangalia huyo mama. "Ni jamaa fulani wa timu," akasema.

Hakunitaja. Hadi leo hajawahi kunitaja kwa mathe. Nilijitaja mwenyewe jana usiku, kabla ya kuanza kuandika hii.

Yule fizio alikuwa mkweli. Alisema pigo kama hilo linaweza kuleta mfupa ndani ya msuli hata kama hakuna mtu amekanda. Lakini alisema pia kwamba kukanda na joto kwenye jeraha bichi huongeza damu inayovuja ndani, huumiza msuli zaidi, na hiyo huongeza hatari. Kwa hivyo sitawahi jua nilichangia kiasi gani. Pengine kidogo, pengine ndio sababu yote. Hilo ndilo swali nalala nalo.

Majaribio yalifika na yakapita. Siku hiyo Brayo alishinda ameketi kwa ngazi za ploti, ameweka mguu juu ya jerikani.

Na hapa niseme kitu cha aibu. Hata baada ya hospitali, ile video sikuifuta. Nilijiambia nangoja nielewe kwanza. Ukweli ni kwamba ilikuwa bado inapanda. Mpaka kijana mmoja akaniandikia, akatuma picha ya mguu wake, amefura vile vile: "Bro nimefanya venye ulisema siku mbili. Nimeongeza nguvu. Niendelee?" Nikamwambia aache, aende hospitali sahii. Halafu nikafuta.

Chuo nilikuwa nasoma biolojia. Nilifika kwa seli, sikufika mbali. Kwa hivyo nikarudi kusoma, usiku, na bando za saa moja moja. Nilikuwa na swali moja tu. Mbona kukanda kunasaidia watu, hadi shosho yangu amekanda kijiji kizima miaka yote hiyo, na kwa Brayo kukaharibu? Nilidhani jibu litakuwa la damu tu. Kumbe nusu nzima ya jibu iko kwa seli za kinga, na kwa kitu ambacho sikuwahi kufunzwa darasani: hizo seli husikia zikibonyezwa.

Twende polepole.

Shuleni tulifunzwa kinga ya mwili kama askari mwenye pua. Kiini cha ugonjwa kikiingia, kinaacha harufu ya kemikali, seli nyeupe za damu zinaifuata, zinapigana, basi. Hiyo ni kweli, ila ni nusu. Seli nyeupe zinaishi ndani ya mwili unaotembea. Moyo unapiga, damu inazisukuma, mapafu yanapanuka na kurudi, misuli inajikunja. Nyama iliyo salama ni laini, iliyofura imekazwa, yenye kovu ni ngumu. Seli zinapima yote hayo, na kile zinachosikia kinabadilisha kile zinachofanya.

Chukua askari wa kwanza kufika kwa paja la Brayo. Zinaitwa nyutrofili. Uboho wa mtu mzima hutengeneza kama bilioni 100 kila siku, na nyingi huishi muda mfupi tu. Zinapita ndani ya damu kwa kasi. Msuli ukipasuka, ukuta wa mshipa ulio karibu unatoa vishikio vidogo vinavyoitwa selektini. Nyutrofili ikipita inanaswa kidogo, inaachiliwa, inanaswa tena, na hivyo inabingirika kwenye ukuta huku ikipunguza mwendo mpaka inasimama.

Sasa angalia hii. Mwaka 2003 wanasayansi walipima mshiko wa aina moja ya hivyo vishikio, wakakuta kitu cha ajabu. Kwa kawaida ukivuta kitu kilichoshikana, kinaachana haraka zaidi. Hapa ilikuwa kinyume: ukiongeza nguvu ya kuvuta, mshiko unadumu zaidi, mpaka ufike kiwango fulani ndipo unaanza kuachia. Ni kama wewe umesimama ndani ya mathree ya jioni, umeshika chuma cha juu kivivu tu. Dere akikanyaga breki, vidole vinakaza vyenyewe. Akizidisha, unaangukia watu. Kwa hivyo ile nguvu ya damu inayotaka kuipeleka seli mbele ndiyo hiyo hiyo inaisaidia kushika. Mtiririko ukiwa dhaifu kupita kiasi, seli hata haibingiriki vizuri.

Ikishasimama, inajifinya, inapenya kati ya seli za ukuta wa mshipa, inaingia ndani ya nyama. Hapo ndipo mahali ulipigwa panaanza kufura na kuwa moto. Haya yote yanafanyika saa za kwanza, wewe ukiwa bado unalaani yule beki.

Lakini seli inasikiaje kubonyezwa? Haina mishipa ya fahamu. Hili swali lilisumbua watu muda mrefu, na jibu lake lina stori poa.

Kuna jamaa anaitwa Ardem Patapoutian. Ni Muarmenia aliyezaliwa Beirut, Lebanoni, mwaka 1967. Alianza chuo huko wakati wa vita, akakimbia mwaka 1986 akiwa kijana, akaingia Los Angeles. Mwaka wake wa kwanza Marekani alipeleka watu pizza, na akaandikia gazeti moja la Kiarmenia utabiri wa nyota. Ndio, zile za "leo utakutana na mtu muhimu". Baadaye akarudi darasani, akawa mwanasayansi.

Yeye na mwenzake Bertrand Coste walikuwa na seli ambazo ukizidunga kidogo na ncha ya kioo zinatoa mkondo mdogo sana wa umeme. Maana yake kuna mlango ndani ya ngozi ya seli unaofunguka ukisukumwa. Mlango gani? Walitengeneza orodha ya jeni 72 za kushukiwa. Wakanyamazisha moja, wakadunga seli, umeme bado uko. Wakanyamazisha ya pili, umeme bado uko. Hivyo hivyo, moja moja. Walipofika ya 72, wakadunga, seli ikanyamaza. Mlango waliouita PIEZO1, kutoka neno la Kigiriki la mgandamizo, ukatangazwa mwaka 2010, pamoja na ndugu yake PIEZO2. Mwaka 2021 Patapoutian akapata Nobeli ya tiba, akigawana na David Julius, yule aliyetumia ukali wa pilipili kutafuta jinsi tunavyohisi joto.

PIEZO1 imekaa kama feni ya mapanga matatu, imezama kwenye ngozi ya seli na kuipinda kama bakuli. Ngozi ikivutwa, bakuli linanyooka, tundu la katikati linafunguka, na kalsiamu inaingia. Kalsiamu ndani ya seli ni kama king'ora cha ploti. Ikilia, kila mtu anaamka.

Na seli za kinga zina huo mlango. Mwaka 2019 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale lilichapisha kazi kuhusu monosaiti na makrofaji, zile seli kubwa za kinga zinazokula viini na takataka. Walijiuliza: kila ukipumua, mapafu yanapanuka na kurudi, maelfu ya mara kwa siku, je, seli zilizo humo zinasikia hiyo? Wakaziweka kwenye mgandamizo unaopanda na kushuka, kama pumzi. Zikaamka na kuanza kutoa ishara za kuwasha moto wa kinga. Wakaondoa PIEZO1 kwenye seli za kinga za panya, na moto kwenye mapafu ukapungua sana, kwa hali mbili tofauti. Ya kwanza ni panya akiwa ameingiliwa na bakteria, ambapo huo moto unahitajika. Ya pili ni ugonjwa unaojaza mapafu makovu, ambapo huo moto ndio adui.

Soma hiyo mara mbili. Mlango ni ule ule, nguvu ni ile ile. Mahali pamoja inakuokoa, mahali pengine inakuchoma. Nilipofika hapo niliweka simu chini nikaangalia ukuta.

Tena kuna kubonyeza kwa aina nyingine. Ukienda kwa mama mboga, kabla hununue avokado unaibonyeza, naye anakupigia kelele uache. Makrofaji hufanya hivyo na nyama yako. Zinajishikiza kwenye mahali zilipo, zinavuta, na kusoma kama ni pagumu ama laini. Kwenye maabara, ukiziweka juu ya kitu laini kisha uziamshe, huwaka kidogo. Ukiziweka juu ya kitu kigumu, huwaka zaidi. Sasa fikiria paja limekazwa na damu na maji, siku nne mfululizo, na kila siku kuna mtu na kiwiko.

Narudi kwa kukanda sasa, ju najua mnangoja.

Mwaka 2021 watafiti wa Harvard walichapisha kazi ambayo ningeipata mapema singekuwa hapa. Walichukua panya wenye jeraha baya kwenye msuli wa mguu, wakawakanda. Hawakutumia mkono. Walitengeneza mashine yenye ncha laini inayobonyeza na kuachilia kwa mpigo, huku ikipima nguvu yake kila wakati. Siku 14. Misuli iliyokandwa ilipona vizuri zaidi ya ile iliyoachwa tu, na nyuzi zake zilikuwa nene zaidi.

Walipochunguza kwa nini, wakarudi kwa zile nyutrofili. Kule kubonyeza na kuachilia kulikuwa kunakamua nyutrofili na kemikali zao kutoka kwa msuli, kama unavyokamua sifongo. Siku ya tatu zilikuwa zimepungua sana. Wakaenda mbali zaidi, wakaangalia nyutrofili zinafanyia nini seli changa za msuli. Mwanzoni, vitu zinavyotoa husaidia hizo seli changa kuzaana. Zikikaa sana, vitu hivyo hivyo vinazuia seli changa kukomaa ziwe nyuzi za msuli.

Wahenga walishasema hii bila maabara. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku za kwanza nyutrofili ni wageni wa maana. Wanafagia seli zilizokufa, wanaita fundi. Lakini wakikataa kuondoka, kazi ya ujenzi inakwama.

Na mimi nilifanya nini? Kwa video nilisema nasukuma sumu. Hakukuwa na sumu. Kulikuwa na mishipa midogo imepasuka inajaribu kuziba, na wageni wanaofanya kazi yao. Kila nilipoingiza kiwiko kwenye jeraha bichi nilikuwa napasua tena, na kila mpasuko mpya ni mwaliko mpya. Badala ya kuwapa wageni jembe siku ya tatu, nilikuwa naita basi lingine zima kila asubuhi.

Kabla mtu hajaenda kutengeneza video ya hiyo kazi ya Harvard: hao ni panya. Nguvu ilikuwa imepimwa. Haisemi umkande bro yako saa moja baada ya kugongwa. Inasema tu kwamba kukanda si uchawi na si upuzi. Ni ujumbe wa nguvu kwa seli zinazosikia, na ujumbe huo unategemea kiasi na wakati.

Wiki iliyopita nilimpigia shosho. Yeye ndiye niliyemtaja kwa ile video, "njia ya shosho zetu", mnakumbuka.

"Shosho, ulikuwa unakanda mtu siku gani?"

"Siku gani tena? Akiacha kufura."

"Na siku ile ameumia?"

"Siku hiyo unamwekea kitambaa cha maji baridi, unamwambia alale. Unamkandaje akiwa mbichi?" Akanyamaza kidogo. "Kwani wewe ulifanya nini?"

Nikamwambia network ni mbaya.

Nikiwa mdogo nilimwona shosho akikanda watu mara nyingi sana. Watu walikuja wameshakaa siku zao nyumbani, na mimi nikaona tu ile sehemu ya mikono na mafuta. Zile siku za kungoja sikuziona, ju hazina kitu cha kuona. Hata kwa video hazingetazamwa.

Sasa yale ya maana, nakili kama unacheza boli. Haya ni mambo ya kawaida ya huduma ya kwanza, fizio yeyote atakuambia:

Ukigongwa msuli, toka uwanjani. Usimalize dakika kumi za ushujaa.

Weka kitu baridi kilichofungwa kwa kitambaa, dakika 10 hadi 20, kisha pumzisha ngozi, kisha rudia. Funga bandeji bila kukaza sana, inua mguu.

Siku mbili tatu za kwanza usiweke maji moto, usinywe pombe, usikimbie, na usikande. Baada ya hapo anza kusogeza mguu polepole bila kulazimisha. Kukanda kuje baadaye, tena kwa mtu anayejua.

Nenda hospitali haraka kama huwezi kukanyaga, kama mguu unakufa ganzi, ama kama msuli umekazwa kama ngoma na maumivu yanazidi badala ya kupungua. Na kama ndama wa mguu amefura na anauma bila wewe kugongwa, usimguse kabisa. Inaweza kuwa damu imeganda ndani ya mshipa, na kukanda kunaweza kuisukuma mahali pabaya.

Donge gumu linabaki wiki tatu baadaye? Lisilazimishwe kuvunjika na mtu yeyote mwenye mafuta na imani. Likaonwe hospitali.

Najua komenti inakuja. "Wewe chuo kilikushinda, sasa unatufunza seli." Ni sawa. Chuo sikushindwa na masomo, nilishindwa na karo, lakini siwezi kujificha nyuma ya hiyo. Kuacha chuo hakukunizuia kusoma, simu ninayo. Kitu nilipoteza ni yule mtu wa kuniambia, "Hapana, hii umekosea, rudia." Watu wa PIEZO1 waliambiwa hapana na seli zenyewe mara 71 kabla hawajaambia dunia kitu. Mimi sikuuliza mtu hata mara moja. Nilikuwa na karai, na simu iliyoegemea kikombe, na sauti ya mtu anayejua.

Na ninyi ndio mlikuwa upande ule mwingine. Ukiambia watu elfu nyingi wabonyeze, hujui ni wangapi wako siku ya kwanza na ni wangapi wako siku ya kumi. Maneno ni yale yale, mapaja ni tofauti. Kwa hivyo kuanzia sasa kitu chochote cha mwili nitakachoweka hapa kitakuwa kimepitia kwanza kwa mtu wa hiyo kazi. Hii unayosoma, yule fizio ameisoma. Sehemu ya huduma ya kwanza amenirekebisha mara mbili. Na anajua sasa yule jamaa wa timu alikuwa nani. Aliniangalia tu, akasema, "Nilijua." Basi.

Brayo anaendelea. Fizio anasema donge kama lake mara nyingi huachwa likomae, na mengi hupungua yenyewe baada ya miezi. Goti sasa linakunja karibu lote. Anaruhusiwa kutembea haraka, mpira bado. Mwaka ujao kuna majaribio mengine, na mathe ameacha kuyahesabu kama pesa, anahesabu tu siku za mazoezi ya mguu. Yaani ameandika kwa kalenda ya ukutani, jikoni.

Kama uliwahi kufuata ile video, niandikie. Usione haya, aibu ni yangu. Niambie uliumia lini na sahii unasikiaje, nami nitakusaidia kujua pa kwenda.

Brayo amesoma hii yote kabla sijaiweka, na amekubali. Ameomba nibadilishe kitu kimoja tu. Anasema siku ile hakulia, ni jasho lilimwingia machoni.

Sawa. Ilikuwa jasho.